Niache uwakili ili niandike riwaya?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nilisomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikapita Shule ya Sheria, na sasa ni wakili katika ofisi ndogo hapa Posta. Tangu enzi za Mlimani nimekuwa nikiandika usiku, na nimefikia katikati ya riwaya kuhusu ugomvi wa mirathi ya nyumba ya Kariakoo, iliyotokana na kesi niliyoisimamia. Je, niache kazi niandike kwa utulivu? Wazazi wangu, walionilipia ada kwa shida, hawataki hata kulisikia jambo hilo.
Wakili, Mbezi

JIBU: Marahaba. Usiache uwakili kwa sasa, wala sisemi hivyo ili kuwaridhisha wazazi tu. Mrabaha wa riwaya ya Kiswahili, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, haulipi kodi ya nyumba Dar es Salaam, na mwandishi mwenye njaa huukimbiza mswada kwa mchapishaji kabla haujaiva. John Grisham wa Marekani alikuwa wakili Mississippi alipoandika riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, na aliiandika alfajiri kabla ya kwenda kazini. Aliacha uwakili baada ya riwaya ya pili kumpa kipato.

Zito zaidi katika barua yako ni hiyo kesi. Wajibu wa kutunza siri ya mteja hauishi shauri linapokwisha, na kubadili majina peke yake hakutoshi, kwa sababu Kariakoo watu wanajuana kwa mtaa na kwa nyumba. Jirani akisoma, tuseme, habari za mjane, watoto wa mke mkubwa na duka la vitenge lililo chini ya nyumba, atawatambua wote mapema. Chukua kiini cha ugomvi, kisha ubadilishe mji, idadi ya warithi, mali yenyewe, hata hukumu.

Ulichonacho, ambacho waandishi wengi tunakitamani, ni sikio. Sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama mwaka 2021, lakini mashahidi walikuwa wakijieleza kwacho miaka yote. Shahidi akiulizwa tarehe, pengine atajibu kwamba ilikuwa mwaka ule bibi alipouza kiwanja cha Mbagala, huku akikunjakunja pindo la kanga. Hakimu ataandika yenye uzito wa ushahidi. Wewe andika hilo pindo.

Jihadhari, hata hivyo, na mazoea ya kutaka kushinda. Hati ya madai humjenga mmoja na kumbomoa mwingine, na riwaya iliyoandikwa hivyo humchosha msomaji upesi, maana hukumu ameshaijua. Kama riwayani mwako yumo kaka mkubwa anayetaka nyumba iuzwe, mpe sura nzima: huenda ndiye aliyemuuguza baba na kubeba madeni ya hospitali ambayo wadogo zake hawakuyajua. Iandike sura hiyo kana kwamba yeye ndiye mteja wako.

Mswada ukikamilika, ufikirie Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na yenye kipengele cha riwaya. Soma masharti ya mwaka husika mapema, kwa makini uleule unaousomea mkataba wa mteja.