Mtwara hadi Masasi kwa baiskeli kipindi cha mvua, kwa anayetaka kwenda peke yake

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama mtu anaweza kutoka Mtwara mjini hadi Masasi kwa kupitia Newala, peke yake, kwa baiskeli, mwezi wa pili, kama Phoenix itafaa au utafute ya gia, na utalala wapi. Njia hiyo niliipita Februari 2023. Nilitumia siku tano, na siku nne kati ya hizo nilinyeshewa. Nitakujibu kwa kirefu, maana mimi nilipouliza kabla ya kuondoka niliambiwa tu "usiende", na neno hilo halimsaidii mtu aliyekwisha kuamua.

Inawezekana. Ila anzia Mtwara, usianzie Masasi.

Uwanda wa Makonde umeinama. Upande wa pwani unapanda taratibu, taratibu kabisa, unapita Naliendele na Nanguruwe bila kujua kwamba uko mlimani. Unazidi kupanda hivyo hadi Newala, na kule ukingo wa magharibi unafikia takriban mita 900. Hapo ardhi inakatika ghafla. Ukisimama pale Shimo la Mungu utaona ninachosema: chini yako bonde, mbele kabisa Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Anayetoka Masasi anapandisha genge hilo lote kwa mara moja, tena na mzigo, tena kwenye utelezi. Anayetoka Mtwara amegawiwa mlima ule ule kwa siku tatu. Deni lake analilipa kwenye kushuka, na hilo nitalisema kwa urefu kwa sababu ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Kwanza barabara. Safari nzima ni kama kilomita 210. Nilipopita mimi, lami iliishia Mnivata, kilomita 50 tu kutoka mjini, kisha ikaanza njia ya udongo kupitia Tandahimba na Mahuta. Tangu wakati ule makandarasi wameingia, kwa hiyo ulizia kila kituo lami imefika wapi. Usifurahi haraka ukisikia "wanajenga". Udongo uliokwisha kuchimbwa na bado haujashindiliwa ni mbaya kwa baiskeli kuliko barabara ya zamani.

Juu ya uwanda udongo ni mwekundu, wenye mchanga. Kiangazi mchanga ule unameza tairi. Mvua ikipita kidogo unashikana na unakwenda vizuri, nilishangaa. Punguza upepo kidogo kwenye tairi utaona tofauti. Shida ni huko chini baada ya Newala, kwenye mabonde yenye mfinyanzi. Ule haukuangushi tu, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Nilifungua madigadi zote mbili kwa spana nikazifunga juu ya mzigo, nikakubali kuchafuka mgongo. Fanya hivyo mapema, kabla hujaanza kuchokora tope kwa kijiti kila hatua mia.

Sasa maji. Utadhani ukienda masika maji ya kunywa si tatizo. Juu ya uwanda ule hakuna mto. Mvua inayonyesha inazama kwenye mchanga na kutokea mbali chini mabondeni, na ndiyo maana tangu zamani kina mama wa Kimakonde wameteremka magenge kufuata maji. Siku ya pili, kabla ya Tandahimba, chupa zangu mbili zilikuwa tupu nami nimelowa mwili mzima. Mvua ikazidi, nikakimbilia ubarazani kwa nyumba moja. Nikasimama ukutani, nikaegemeza baiskeli chini ya ukingo wa bati. Akatoka bibi mmoja, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, sogeza hilo baiskeli, linanipotezea maji." Ndipo nikaona ndoo, sufuria, beseni na pipa vimepangwa chini ya bati, na gurudumu langu la nyuma limekaa palipokuwa pa ndoo. Nikalisogeza nikaona haya. Nilikuwa nimeilaani mvua ile tangu asubuhi, kumbe mwenzangu alikuwa akiisubiri. Pipa lilipojaa nikamsaidia kusogeza ndoo moja baada ya nyingine, na kabla sijaondoka alinijazia chupa zote mbili. Nilipotaka kumpa hela alikataa, akakubali sabuni. Kwa hiyo beba lita nne, na beba sabuni za mche chache. Jaza kila unapopewa nafasi.

Kuhusu muda. Siku zangu zile wingu lilianza kukusanyika baada ya saa sita mchana na mvua ya nguvu ikaja saa nane au saa tisa. Nikajiwekea sheria: natoka saa kumi na mbili asubuhi, saa saba na nusu natafuta paa, hata kama miguu bado ina nguvu na kijiji kinachofuata kiko karibu. Siku moja tu niliivunja, na siku hiyo radi ilinikuta katikati ya mashamba ya korosho. Mkorosho una kivuli kipana kinachofika karibu na ardhi, unakuita kabisa. Usiingie. Niliacha baiskeli, nikachuchumaa penye uwazi mbali na miti, nikakaa hivyo mpaka ngurumo zikahama. Sikuwahi kuona dakika ndefu kama zile. Usihesabu kilomita, hesabu mapaa.

Baiskeli: Phoenix inaweza, wazee wa huku wanabebea magunia. Lakini kama una uwezo, tafuta ya gia, na kitu cha kwanza kuuliza dukani kiwe rimu. Yangu ilikuwa ya mtumba, gia nzuri, rimu za chuma zinazong'aa. Chuma kikilowa raba ya breki haishiki, inateleza juu yake kama kwenye sahani yenye mafuta. Rimu za alumini zinashika vizuri zaidi kwenye maji. Hilo sikulijua.

Nilitoka Newala asubuhi yenye ukungu na manyunyu, baridi ya kuuma vidole, kuelekea Masasi. Kona ya kwanza nilibana breki zikaitika. Ya pili zikaitika kwa kuchelewa, na nikasikia mlio wa mchanga ukisaga. Ya tatu nilibana mpaka vishikio vikagusa usukani na baiskeli ikaendelea kushuka kama sijagusa kitu. Kulia kwangu kulikuwa na korongo, kushoto ukuta wa udongo. Nikateremsha mguu, kandambili ikakatika, nikaelekeza usukani kushoto nikajibamiza kwenye udongo. Nilichubuka goti na kiwiko tu. Nilipokagua, raba zote nne zilikuwa zimelika hadi chuma. Mchanga wa siku tatu ulikuwa umezila na mimi sikuwahi kuinama kuzitazama hata mara moja.

Mteremko uliobaki niliutembea wote, nimeshika usukani, peku. Vijana waliokuwa wakipandisha kuni waliniambia, "Njomba, hapa hata sisi hatupandi baiskeli mvua ikinyesha." Kule chini fundi mmoja mwenye banda la makuti hakuwa na raba za dukani. Alichukua kipande cha tairi la gari, lile la kutengenezea katambuga, akakata vipande vinne kwa kisu, akavitoboa na kuvifunga. Vilinifikisha Masasi na kunirudisha Mtwara. Basi: raba za akiba pea mbili, uzikague kila jioni, na mteremko wa Newala ukiwa umelowa, shuka na utembee. Vaa viatu vinavyofungwa.

Vitu vingine vya kubeba ni vichache. Tyubu nzima ya akiba ni muhimu kuliko viraka, maana solusheni haishiki mpira ukiwa na maji. Oili ndogo ya cherehani, upake cheni kila usiku, mvua inaiosha yote. Nguo za kulalia zifunge kwenye nailoni, kisha uingize ndani ya salfeti, na usizivae barabarani hata ukitetemeka vipi. Koti la mvua litakulowesha kwa jasho ukipanda, lakini livae ukishuka.

Kulala: Tandahimba, Newala na Masasi kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida. Katikati ya hapo nenda moja kwa moja kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, toa kitambulisho kabla hujaombwa, eleza unatoka wapi na unakwenda wapi. Tangu machafuko ya Cabo Delgado, ng'ambo kule Msumbiji, yaanze 2017, watu wa huku wanamwangalia mgeni anayetembea peke yake kwa makini, na wana haki. Mimi mwenyekiti alinipa darasa la shule nilale, na asubuhi akanipigia simu kuuliza kama nimefika salama. Usiteremke kuelekea Ruvuma kwa kutaka kuona mto. Utauona vya kutosha kutoka Shimo la Mungu, ukungu ukiondoka.

Kurudi, pitia Ndanda, Nyangao, Mtama na Mingoyo, lami mwanzo hadi mwisho. Ni siku mbili na nusu kwa mwendo wa kawaida. Pale Ndanda pumzika hata nusu siku, maana magoti yatakuwa yanadai. Ukipata tarehe kamili iandike hapa chini, nikuelekeze kwa yule fundi wa banda la makuti.