Soma maji kwanza, ndipo uwashe mashine

Mimi na sahibu yangu, mtu wa Mombasa, tunakaa Somerset, Uingereza. Jumamosi tukiwa hatuna zamu, alfajiri inatukuta ufukweni na mashine zetu za kutambua metali, na huu ni mwaka wa nne. Watu huniuliza wanunue mashine gani. Mimi huwauliza kama wameshatazama jedwali la saa za maji kujaa na kupwa.

Bristol Channel si bahari tuliyokulia. Kwetu Unguja bamvua kubwa, zile siku maji yanapojaa na kupwa kuliko zote, hupandisha maji kama mita 4. Hapa, upande wa Avonmouth, yanakaribia mita 14. Yakipwa huacha uwanja unaokuvuta uende tu, lakini mbele ya mchanga kuna tope linalomeza miguu, na maji yakianza kurudi hurudi kwa kasi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimeinama nachimba, hedfoni masikioni, mara nikashikwa bega. "Sheikh, nyuma yako!" Mfereji tuliouvuka mkavu ulikuwa umejaa mpaka magotini. Tuliuvuka tumeshikana mikono, maji ya baridi yakitusukuma kando. Tangu siku ile mmoja akichimba, mwingine anatazama bahari. Tunafika saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, tunayafuata yakishuka, na yakisimama tu tunageuza. Usiende peke yako, hata kama umezaliwa ngalawani.

Siku nzuri kuliko zote ni za bamvua, hasa dhoruba ikishapita na kukomba mchanga wa juu.

Sasa mashine. Ya bei nafuu inatosha kwenye mchanga mkavu. Kwenye mchanga uliolowa hupiga kelele ovyo, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme na mashine inayadhania metali. Punguza usikivu wake, au ukijaliwa nunua inayotumia masafa (frequency) mengi kwa pamoja. Na tafadhali usikimbilie kuwasha kichujio cha taka, kile kinachoinyamazisha mashine ikipita juu ya takataka. Pete nyembamba ya dhahabu na kishikio cha kopo la soda hutoa sauti zinazokaribiana sana. Ukinyamazisha kimoja umenyamazisha na kingine. Sisi tunachimba vyote, tunafukia kila shimo, na taka tunaondoka nazo.

Mwaka jana niliipita sauti hafifu nikaiacha. Sahibu yangu akairudia, akachota mara tatu, akatikisa chepe lake la matundu mpaka mchanga ukaisha. Ikabaki pete, imeshika weusi kama masizi, ndani ina herufi mbili. Tuliulizia kwenye mkahawa wa jirani, tukaacha namba ya simu. Baada ya wiki mbili alikuja mzee mmoja na mkewe, akazitaja herufi kabla hatujamwonyesha. Kidole chake kilikuwa kimenenepa, ikabidi aivae kwenye kidole kidogo. Mkewe hakusema kitu, aliishika tu ile mikono. Kwa sheria ya Uingereza, kukaa na kitu cha mtu bila kujaribu kumtafuta mwenyewe ni wizi, na hata kusingekuwa na sheria mimi nisingelala.

Uliza pia ufukwe ni wa nani, maana baadhi ya halmashauri hutaka kibali. Kitu cha dhahabu au fedha chenye zaidi ya miaka 300 kwa kawaida huhesabiwa hazina: unakiripoti ndani ya siku 14 kwa coroner, afisa yule yule anayechunguza vifo vya utata. Kilichotoka kwenye meli iliyozama kina ofisi yake, siku 28. Ndugu zangu wa nyumbani, msichukue mashine mkaenda Kilwa au Gedi. Kuchimba mambo ya kale bila kibali ni kosa, Tanzania na Kenya pia.

Mwaka 1944 askari Maurie Isenberg aliokota sarafu kwenye ufukwe wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Alama aliyoweka kwenye ramani ndiyo iliyowawezesha watafiti kurudi pale miaka mingi baadaye. Kwa hiyo sisi nasi tunaandika: siku, mahali, kina cha shimo. Daftari liko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na penseli, maana kalamu ya wino haishiki kwenye karatasi iliyolowa.