Retina imerudi mahali pake, mbona mjomba bado haoni vizuri?

SWALI: Shikamoo dokta. Mjomba wangu ni fundi mwashi huku Ngamiani, ana miaka 58. Alianza kuona vimulimuli kwenye jicho la kulia afu vitu kama nzi weusi vinapitapita, akaenda duka la dawa wakampa dawa ya matone, akatia wiki tatu nzima huku pazia jeusi linashuka toka juu mpaka likafunika katikati. Ndo tukamkimbiza hospitali, tukapewa rufaa, akafanyiwa oparesheni ya kurudisha retina iliyobanduka, lile tabaka jembamba la nyuma ndani ya jicho linalopokea picha. Baada ya mwezi na nusu retina ikaachia tena, wakarudia, safari hii wamemwekea mafuta ndani ya jicho ya kuishikilia. Sasa wanasema imekaa vizuri ila yeye anaona ukungu tu, na fremu ya mlango anaiona imepinda. Mama wa kitanda cha jirani alifanyiwa siku ile ile, na daktari yule yule, leo anachambua mchele mwenyewe. Je, mjomba alikosewa?
Mpwa mtu, Tanga

JIBU: Marahaba, na pole mwanangu. Kwa ulivyoeleza mimi sioni mahali alipokosewa mezani. Retina kukaa ni jambo moja, jicho kuona ni jambo lingine, na hilo la pili mara nyingi linakuwa limeshaamuliwa kabla mgonjwa hajavaa gauni la thieta.

Mjomba ni fundi, mwelezee kwa lipu. Lipu ikipata ufa maji yanapita nyuma, inaanza kuachia ukuta kidogo kidogo. Retina nayo hivo hivo, inachanika kitundu, ute wa ndani ya jicho unapenya nyuma yake inabanduka. Tofauti ni kwamba lipu haili, retina inakula, na chakula chake kingi kinatoka kwenye ule ukuta iliouachia, kwa hiyo kila siku inayokaa hewani chembe zake zinakufa. Pale katikati pana kijisehemu kidogo kinaitwa makula, ndo cha kusomea, kushonea, kuchambulia mchele. Yule mama nadhani aliwahi makula yake ikiwa bado imeshika. Ya mjomba ilishabanduka, na makula iliyobanduka siku tatu si sawa na ya wiki mbili. Zile chupa za matone zilimla siku zake, na niseme tu bila kuuma maneno, hakuna dawa ya matone duniani inayorudisha retina, ukiona vimulimuli na nzi weusi vimekuja ghafla unakwenda kupimwa siku hiyo hiyo, kesho ni mbali.

Sasa hili la kuachia tena. Oparesheni ya kwanza inashika kwa macho kama 8 au 9 kati ya 10, wanaobaki wanarudiwa na wengi wao inakuja kushika. Msumbufu mkubwa ni makovu: jicho linajaribu kujiponya lenyewe, linaotesha utando juu ya retina, utando unajikunja unaivuta, na mara nyingi hayo yanatokea wiki kadhaa baada ya oparesheni, yaani ule mwezi na nusu wenu kabisa. Aliyechelewa, aliyechanika pakubwa, aliyepigwa jichoni au aliyevuja damu ndani, hao makovu yanawapenda zaidi. Na tundu likisahaulika hata moja, kazi yote bure. Hilo alilionyesha daktari wa macho Jules Gonin wa Lausanne kule Uswisi miaka ya 1920, kabla yake jicho la namna hii lilikuwa limekwenda.

Kuna na mahali tundu lilipo. Mwambie mjomba achukue pima maji yake aangalie kile kipovu, hata ukiipindua vipi kinakimbilia juu. Gesi inayowekwa jichoni ndo kipovu hicho hicho, inasukuma retina ya upande wa juu, ndo mana mtu anaambiwa alale kifudifudi ili nyuma ya jicho pawe ndo juu, na asiyelala alivyoambiwa anaweza kujiharibia. Pazia la mjomba lilishuka toka juu, na jichoni picha inaingia kichwa chini miguu juu, kwa hiyo kilichobanduka ni chini, ambako kipovu kinafika kwa shida.

Msikate tamaa lakini. Uoni unaweza kuendelea kupanda miezi mingi, hata mwaka. Mafuta yenyewe yanapoteza makali ya kuona, kwa kawaida yanatolewa baadaye, na mtoto wa jicho akija ni kawaida baada ya oparesheni hizi, anatolewa. Ile fremu kupinda huenda ikabaki kidogo. La muhimu kuliko yote, jicho la kushoto limechunguzwa? Nalo liko hatarini, na likikutwa na kitundu linapigwa leza kabla halijabanduka.

SWALI: Mama kawekewa gesi jichoni Dar wiki mbili zilizopita, yuko kwetu Chumbageni joto linamtesa. Tumpeleke Lushoto akapumzike?

JIBU: Hapana jamani! Tanga iko usawa wa bahari, Lushoto ni kama mita 1,400 juu. Ukipanda zile kona za kutoka Mombo hewa ya nje inapungua nguvu, gesi jichoni inavimba, presha ya jicho inapanda, anaweza kupofuka njiani mkidhani ni kichefuchefu cha gari. Ndege nayo marufuku, hata kile kidogo cha kwenda Pemba. Gesi zingine zinaisha wiki mbili tatu, zingine zinafika miezi miwili, akiona bado kuna mstari kama wa maji unachezacheza jichoni ujue ipo, na hata mstari ukiisha daktari ndo aseme. Mnunulieni feni. Na popote atakapotibiwa, hata kung'oa jino, aseme kwanza kwamba ana gesi jichoni, mana kuna hewa ya usingizi inayoivimbisha vile vile.