Ukisikia "kijana wake ndo anasimamia", usitume hata mia (kwa anayetafuta chumba Dar)

Mkuu usitume hiyo laki mbili. Soma hapa kwanza halafu ndo ufanye unachotaka.

Nimesoma maelezo yako, umepata kazi Posta unahamia kutoka Morogoro, dalali kakurushia video ya chumba masta Mwananyamala laki na ishirini kwa mwezi, anataka laki mbili ya kushikilia chumba leo jioni maana eti kuna mtu mwingine anakuja kulipia, na mama mwenye nyumba yuko Dodoma ila "kijana wake ndo anasimamia". Ukauliza na eneo gani lina unafuu, kodi ya miezi sita inapunguzwaje na vitu gani ununue mapema. Hayo tutafika. Ila hapo kwenye kijana anasimamia nimesoma mara mbili moyo unanienda mbio, maana ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi na mtaa ni huo huo.

Mi ilikuwa Mwananyamala maeneo ya Komakoma, nyumba ya zamani ya vyumba sita, uwani kuna mwarobaini, maji ya DAWASA yanatoka na kisima kipo pembeni. Nilipataka pale kwa sababu kituo cha Morocco kipo karibu, unapanda basi la mwendokasi unashuka Kivukoni hugombanii daladala. Dalali akanipeleka, tukamkuta kijana kakaa barazani na funguo za vyumba mkononi. Na hapa naomba unielewe vizuri, yule hakuwa tapeli wa kuokotwa barabarani. Kazaliwa humo ndani. Majirani wanamsalimia kwa jina, mama wa genge anamkopesha nyanya, picha ya marehemu mama yake ipo ukutani na wamefanana mpaka pua. Akaniambia nyumba ni ya mama, mama alishatangulia mbele za haki, sasa hivi naangalia mimi. Hayo ya mama yalikuwa kweli yote, kwa hiyo hata uwe mjanja wa Kariakoo huwezi kumshtukia kwa kumwangalia usoni.

Kodi laki na ishirini mara miezi sita, laki saba na ishirini. Dalali na mwezi wake mmoja, laki na ishirini nyingine. Hiyo ni 840,000 na sijahesabu elfu kumi ya kuonyeshwa chumba wala kirikuu ya kubeba vitu. Mkataba tuliandikiana kwenye zile fomu zinazouzwa stationery, pale palipoandikwa mwenye nyumba akajaza jina lake, dalali akasaini upande wa shahidi, hela ikahesabiwa hapo hapo barazani, dalali akachukua chake akaondoka hata soda hakumaliza.

Mwezi wa pili haujaisha akaja dada mtu mzima na mjumbe, ameshika karatasi ya mahakama ya mwanzo. Yeye ndo msimamizi wa mirathi. Aliteuliwa kabla mi sijakanyaga pale, tarehe ipo na mhuri upo. Watoto wa marehemu wamekubaliana nyumba iuzwe wagawane, mnunuzi kapatikana na anataka nyumba iwe tupu. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, we kodi ulimpa nani?" Nikamtajia. Akakaa kwenye ngazi akashika kichwa. Akasema yule ni mdogo wetu wa mwisho, tulishakaa kikao cha familia tukamkataza kupokea hela ya mtu yeyote, mi nakuonea huruma lakini hela yako itabidi umdai yeye. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Sina kinyongo naye yule dada, sheria ilikuwa upande wake. Mtu akishafariki na mahakama ikateua msimamizi, huyo ndo mwenye mamlaka juu ya mali ya marehemu, mtoto mmoja hawezi kupangisha chumba kivyake eti kwa sababu kakulia humo.

Kilichoniuma zaidi ni wale wapangaji wenzangu. Wote vyumba vingine walikuwa wanamlipa dada mtu, tena kwa simu kila baada ya miezi yao. Mama wa chumba cha mkabala, mtu ambaye nilikuwa nanunua kwake chapati kila asubuhi, akaniambia "sisi tulijua baba, ila tukadhani mmeshaelewana na dada, hukutuuliza." Hukutuuliza. Niliingia pale nikakagua bomba, nikakagua swichi, nikauliza Luku ya umeme kama inajitegemea au mnachangia, nikauliza choo wanaosha kwa zamu gani, na swali moja la kuwauliza watu waliokuwa wamekaa pale pale uwani kwamba jamani nyie kodi mnampa nani, sikuuliza. Swali la bure.

Kufuatilia hela sasa. Yule kijana hela ishaliwa yote, yupo na mikono mitupu anakuambia kaka nivumilie. Nikaenda kituoni nikaeleza mtu amejipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, nikaambiwa hiyo ni kesi ya madai mna mkataba wenu nenda kafungue huko. Nikaenda baraza la kata, akaitwa hakutokea, akaitwa tena hakutokea, na baraza la kata tangu sheria ibadilishwe 2021 kwenye migogoro ya ardhi kazi yake ni kusuluhisha tu, halina meno ya kumlazimisha mtu alipe. Nikaelekezwa nipande juu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nikapiga hesabu ya kuomba ruhusa kazini kila tarehe ya kesi, ajira yenyewe changa, nikaacha. Na hapo nishakopa kazini hela ya kuhamia kwingine, maana kwingine nako wanataka miezi sita na dalali wake anataka mwezi mmoja.

Dalali nilimpigia. Akaniambia "mi kazi yangu kukuonyesha chumba bro, ya familia yao sijui." Alikuwa anajua. Yule mama wa chapati ndo alikuja kuniambia kwamba mpangaji aliyekuwa kwenye chumba changu kabla yangu aliletwa na dalali huyo huyo na aliondolewa kwa kisa hicho hicho. Chumba kimoja kimemlipa mara mbili ndani ya mwaka. Hili ndo watu wanaotoka mikoani hawaelewi, dalali wa Dar unamlipa wewe lakini hafanyi kazi yako. Anakula mwezi mmoja siku hela inapobadilisha mikono, basi. Ukikaa miaka mitano pale yeye hapati kitu, ukifukuzwa kesho anapata mteja tena na pengine ni wewe. Ndo maana kila siku kwake kuna mtu mwingine anakuja kulipia jioni. Hiyo haraka yote ni ya kwake, we chumba unakihitaji ukiripoti kazini mwezi ujao, unakimbizwa na nini leo?

Na najua kuna watu watakuja kusema siyo madalali wote. Sawa, wapo waaminifu, wengine wanakupeleka wenyewe mpaka serikali ya mtaa. Basi huyo wako mwambie akupeleke tuone.

Sasa shika hili hata ukisahau mengine yote. Hela ya kodi haitoki mfukoni mpaka mpangaji wa ndani ya nyumba hiyo akutajie jina la mtu anayempa kodi, na mwenyekiti wa mtaa akutajie jina hilo hilo bila we kumtajia kwanza. Majina mawili yakifanana, lipa. Yakitofautiana hata kidogo, huyu anasema mama Fulani yule anasema kijana wa mama Fulani, ondoka. Ofisi ya serikali ya mtaa ipo kila mtaa, utaenda tu hata kama hutaki maana kazini kwako au benki watakudai barua ya utambulisho, kwa hiyo tangulia kwenda kabla ya kulipa badala ya baada. Mwenyekiti na wajumbe wake wanazijua nyumba zao, wanajua ipi ina kesi, ipi ya mirathi, ipi mwenyewe yuko nje. Mkataba mwandikishiane pale ofisini, wakigonga mhuri wanaweza kutaka hela kidogo, toa, na uondoke na nakala yako. Na kama mwenye nyumba ni marehemu usiridhike na "familia tumekubaliana", omba kuona karatasi ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, soma jina, huyo huyo ndo asaini.

Kwako wewe mama yupo hai, yuko Dodoma. Vizuri, basi ana simu. Mwambie dalali akupe namba ya mama mwenyewe mpige video mwongee, na kodi iende kwenye namba ya mama. Ukituma kwa simu jina la mwenye laini linatokea kabla hujaweka namba ya siri, na laini zinasajiliwa kwa alama za vidole siku hizi, kwa hiyo likitokea jina la kijana au la dalali unaghairi hapo hapo. Kama ni kweli mama kamwachia kijana asimamie, haimchukui mama dakika mbili kukwambia hivyo mwenyewe na kuandika barua ya kumruhusu. Ukiona wanakuzungusha, mama anaumwa, mama simu yake mbovu, mama hapendi kusumbuliwa, umeshapata jibu.

Halafu we unatoka Morogoro mkuu, siyo Kigoma. Treni ya SGR ipo tangu 2024, nauli ya daraja la kawaida Moro Dar ilianza na elfu 13, unapanda asubuhi unarudi jioni, elfu 26 kwenda na kurudi. Unataka kutuma laki mbili kwa mtu hujawahi kumwona ili usitumie elfu 26? Njoo Jumamosi. Chumba kikienda kiende, vyumba Dar havijaisha.

Eneo. Kama kazi ni Posta angalia njia ya mwendokasi ya Kimara, ukiingia ndani kidogo kutoka barabarani, Kimara Suka, Temboni mpaka Mbezi Luis, kodi inashuka na kuna wenye nyumba wanakubali miezi mitatu. Foleni ya kupanda gari asubuhi utaisikia na mvua kubwa ikinyesha Jangwani panafungwa, siku hiyo utazunguka. Sinza na Kijitonyama achana nako kwa sasa, unalipia jina. Mbagala na Gongo la Mboto bei nzuri ila uamke alfajiri. Kokote utakapoenda, ukuta wenye alama ya maji kwenye usawa wa goti hata kama umepigwa rangi mpya uulizie masika pakoje, hasa mabondeni, Tandale huko na kandokando ya Msimbazi.

Miezi sita kuipunguza inategemea unaongea na nani. Dalali hawezi kukupunguzia maana mwenye nyumba ndo anaamua, na wengi wanataka sita kwa pamoja kwa sababu wanamalizia ujenzi sehemu nyingine, ukimkuta ambaye hajengi anaweza kukubali mitatu. Kwa hiyo hapo napo tunarudi kule kule, mtafute mwenye nyumba mwenyewe umwone kwa macho. Na ukiwa pale uwani usione aibu, salimia akina mama wanaofua, kaa kidogo, uliza maji yanatoka siku gani, ukishazoeleka uliza kodi wanampa nani. Watakwambia, watu wa Dar siyo wachoyo wa habari ukiwauliza.

Huyo dalali mjibu leo, mwambie unakuja Jumamosi kwa treni na kabla ya kwenda kwenye chumba mnapitia ofisi ya serikali ya mtaa. Akikubali njoo kweli. Akianza kufoka kwamba unamchelewesha, block namba. Jina la mtaa ukishalipata nitumie inbox, Mwananyamala naijua vizuri na Jumamosi huwa sina kazi mchana, naweza kutangulia kwa mjumbe nikakuulizia kabla hujafika.