Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anasoma Kwenye Skrini, Je, Usomaji Wake Unakua?

Mwezi huu safu nzima tumeitenga kwa barua zinazouliza jambo moja kwa sura mbalimbali: je, mazoezi ya kusoma kwenye kishikwambi, kompyuta au simu yanamkuza mwanafunzi kiusomaji? Wanaojibu ni walimu wa usomaji na watafiti wa elimu. Barua tumezifupisha.

Swali: Habari za kazi. Programu ya kusomea tunayotumia hunitumia ripoti kila Ijumaa, na wanafunzi wangu wengi wanatimiza dakika 60 za wiki. Mbona alama za ufahamu zimebaki palepale? (Mwalimu wa darasa la nne)

Jibu: Mwalimu, dakika hizo zinakuambia programu ilikuwa wazi kwa muda gani. Hazikuambii macho ya mtoto yalikuwa wapi. Iache jumla ya wiki, fungua ripoti ya mwanafunzi mmoja mmoja, na uweke pamoja mambo matatu: matini ina maneno mangapi, aliifungua na kuifunga baada ya muda gani, na kila swali alilijibu kwa sekunde ngapi.

Tuseme matini ina maneno 300 na mtoto ameimaliza kwa sekunde 40. Hiyo ni kasi ya maneno 450 kwa dakika. Mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya hufikia wastani wa maneno 240 hivi. Mtoto wa miaka kumi hawezi kusoma kwa kasi inayokaribia maradufu ya hiyo. Huyo amebofya kurasa tu. Kisha tazama maswali. Yakiwa na majibu manne ya kuchagua, anayebahatisha atapata robo, yaani 25 kwa 100, kwa hiyo alama 35 zilizopatikana kwa sekunde mbili mbili kila swali hazisemi lolote kuhusu ufahamu. Angalia pia kitufe cha msaada. Wapo wanaokibonyeza mfululizo mpaka programu itoe jibu yenyewe, halafu ripoti inaandika "sahihi". Watafiti wa programu za kufundishia wamelieleza tatizo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wanaolifanya mara kwa mara ndio hujifunza kidogo zaidi.

Sababu ya pili ni kiwango cha matini. Mwite mtoto asome kwa sauti maneno 100 ya matini aliyopewa na programu. Akikosea 5 au pungufu, anaweza kuisoma peke yake. Akikosea zaidi ya 10, matini ni ngumu mno kwa mazoezi ya kujisomea. Ni kipimo cha kikazi tu, ila kina mantiki: anayehangaika kuunganisha silabi humaliza nguvu zote hapo, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshampotea. Programu nyingi hupandisha ngazi kwa kuhesabu majibu sahihi, hivyo aliyebahatisha vizuri mara mbili anapandishwa asikoweza, na akifika huko anabahatisha zaidi. Mrudishe ngazi moja kwa mkono wako, usingoje programu igundue.

Dakika 60 zigawe vipindi vitatu vya dakika 20. Katika kila kipindi, 15 ziwe za kusoma na 5 za kufunga kifaa na kumweleza jirani kilichosomwa. Wewe zunguka, kaa na watoto wawili au watatu kila kipindi, usikilize. Ripoti haitakupa unachokisikia hapo.

Swali: Nisaidieni kukata mzizi wa fitina nyumbani. Mimi nasema watoto wasome vitabu vya karatasi, baba yao anasema maneno ni yaleyale. (Mama wa watatu)

Jibu: Mama, mna haki nyote wawili, kutegemea kinachosomwa. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi, kwa tofauti ndogo lakini isiyopuuzika. Tofauti hiyo ilionekana kwenye matini za maarifa, kama sayansi na historia, na ilikua pale wasomaji walipobanwa na muda. Kwenye hadithi haikuonekana. Wengi hudhani watoto waliokulia kwenye vifaa hawana tatizo hili; katika tafiti hizo, zilizofanyika kati ya 2000 na 2017, ubora wa karatasi uliongezeka kadiri miaka ilivyosonga.

Sababu mbili zina ushahidi mzuri. Ya kwanza ni kujiamini kupita kiasi: mwaka 2011 Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith waliwaachia wanafunzi wa chuo wajipangie muda, na waliosoma kwenye skrini walijiona wameelewa kuliko walivyoelewa kweli. Anayejiona ameelewa harudii. Ya pili ni kuburuza ukurasa kwa kidole. Utafiti wa Christopher Sanchez na Jennifer Wiley wa 2009 ulionyesha kuwa matini inayoteleza bila kurasa hupunguza ufahamu, hasa kwa wenye uwezo mdogo wa kushika mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja. Kwenye ukurasa uliotulia, msomaji hukumbuka kwamba jambo fulani lilikuwa juu kushoto. Kwenye matini inayoteleza, alama hiyo haipo.

Kwa hiyo hadithi wasome popote. Somo refu la sayansi lichapishwe ikiwezekana. Isipowezekana, weka mpangilio wa kurasa badala ya kuteleza, zima arifa zote, na kila kichwa kidogo kikiisha mtoto afunike skrini na kusema sentensi mbili za alichoelewa. Akikwama, arudi juu. Jambo moja msilichanganye: tafiti hizi hupima ufahamu wa matini iliyosomwa kwa kikao kimoja. Ukuaji wa mwaka mzima ni swali jingine.

Swali: Naandika tasnifu ya shahada ya uzamili. Nina ripoti inayosema wanafunzi waliotumia programu ya kusoma dakika 30 kwa wiki "walikua zaidi" ya wenzao. Nianzie wapi kuipima? (Mwanafunzi wa elimu)

Jibu: Anzia kwenye neno "waliotumia". Chukua mfano wa kubuni: programu imetolewa kwa wanafunzi 200, na 30 tu ndio waliotimiza dakika zilizopendekezwa. Hao 30 wakipanda alama 12 na wale 170 wakipanda 7, ripoti itasema programu imeongeza alama 5. Lakini ni nani hutimiza dakika? Mara nyingi ni yule anayependa kusoma tangu mwanzo, anayehudhuria kila siku, mwenye mtu wa kumkumbusha nyumbani. Huyo angepanda zaidi hata kwa kitabu. Linganisho la haki ni wote 200 waliopewa, pamoja na waliokitelekeza kifaa, dhidi ya kundi linganishi lisilopewa, na bora makundi yawe yamepangwa kwa kura. Tukikutana na ripoti iliyowataja watumiaji wazuri peke yao, huwa hatuipi uzito wowote kama ushahidi kwamba programu inafanya kazi, hata iwe na wanafunzi maelfu.

Pili, uliza mtihani ni wa nani. Alan Cheung na Robert Slavin walichambua mamia ya tafiti za elimu mwaka 2016 wakakuta kwamba mitihani iliyotungwa na watafiti wenyewe hutoa matokeo makubwa takriban mara mbili ya mitihani huru. Si lazima pawe na hila. Mtihani wa ndani huuliza maneno yaleyale na kwa muundo uleule mtoto alioufanyia mazoezi, kwa hiyo sehemu ya kinachopimwa ni uzoefu wa programu.

Tatu, angalia walivyochaguliwa. Wakichukuliwa walioanguka kwenye jaribio la kwanza, watapanda kwenye la pili hata bila msaada, kwa sababu baadhi yao walishindwa kwa kuwa siku ile walikuwa wagonjwa, wamechoka au hawana bahati. Bila kundi linganishi lililochaguliwa kwa njia ileile, kupanda huko kutahesabiwa kuwa ni kazi ya programu. Tafuta pia waliopotea njiani: wameanza wangapi, wamepimwa mwishoni wangapi, na walioondoka walikuwa na alama gani za mwanzo?

Nne, kilichopimwa kifanane na kilichofanyiwa mazoezi. Philip Gough na William Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la vitu viwili vinavyozidishana: kulitambua neno lililoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe inaposikika. Ni kuzidisha, hivyo kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri. Programu ya silabi na sauti ikipandisha kasi ya kutambua maneno, imefanya kazi yake; kama msamiati wa mtoto ni finyu, ufahamu hautasogea, na hilo haliifanyi programu kuwa mbovu. Kwenye tasnifu yako pima vyote viwili kando, na uongeze jaribio la kusikiliza matini na kujibu maswali kwa mdomo. Hapo utajua mazoezi yamekwama upande upi.

Mwisho, wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja. Ukiwa na madarasa mawili ya watoto 40, usihesabu una ushahidi 80 unaojitegemea. Ongeza madarasa kabla ya kuongeza watoto, na umwombe msimamizi wako akuelekeze kwenye uchanganuzi wa ngazi zaidi ya moja, yaani unaomzingatia mtoto pamoja na darasa lake.

Swali: Mjukuu wangu ana miaka mitano. Vitabu vya kwenye kishikwambi vinajisoma vyenyewe na vina michezo. Vinamfaa? (Bibi)

Jibu: Shikamoo Bibi. Vinamfaa vikichaguliwa. Mwaka 2021 May Irene Furenes, Natalia Kucirkova na Adriana Bus walijumlisha tafiti 39 za watoto wa mwaka 1 hadi 8. Pale kitabu cha skrini kilipotofautiana na cha karatasi kwa sauti na maneno yanayong'aa tu, karatasi ilishinda. Palipokuwa na nyongeza zinazoifuata hadithi, mathalani swali linalomrudisha mtoto kwenye tukio, skrini ilishinda. Michezo isiyohusiana na hadithi izime, maana inamtoa mtoto kwenye mtiririko. Usidhani pia kuwa atajifunza kusoma kwa kuyatazama maneno yanayong'aa: asiyejua herufi huangalia picha. Kaa naye, weka kidole chini ya neno moja kwenye kila ukurasa, alisome na wewe.

Swali: Je, kishikwambi kinaweza kufundisha kusoma pasipo mwalimu? (Mjumbe wa kamati ya shule)

Jibu: Kwa hatua za kwanza, kwa kiasi. Shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu tano za Kiswahili mkoani Tanga, Tanzania, kwa watoto wapatao 3,000 wa vijiji 170. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi, onebillion na Kitkit School, walitangazwa Mei 2019. Ni mafanikio makubwa kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kwenda shule. Isomeni na namba ya upande wa pili: karibu nusu bado hawakusoma neno. Hao ndio wanaohitaji mtu wa kuona wamekwama wapi.

Swali: Binti yangu wa miaka 15 yuko kwenye simu mchana kutwa, anasema anasoma. Hesabu hiyo inakubalika? (Baba mwenye wasiwasi)

Jibu: Inategemea anasoma nini. Lidia Altamura na wenzake walijumlisha mwaka 2023 tafiti 25 za usomaji wa kidijitali wa kujifurahisha, na uhusiano wake na ufahamu ulikuwa mdogo sana: hasi kidogo kwa wanafunzi wa ngazi za chini, chanya kidogo kwa sekondari ya juu na chuo. Kwa usomaji wa vitabu vya karatasi, Suzanne Mol na Adriana Bus walikuwa wamepata mwaka 2011 uhusiano mkubwa zaidi kwa kila umri. Takwimu za PISA 2018, upimaji wa kimataifa wa vijana wa miaka 15, nazo zinaonyesha kuwa waliosoma vitabu zaidi kwenye karatasi waliwazidi wasiosoma vitabu kwa alama 49, na waliosoma zaidi kwenye vifaa waliwazidi kwa 15, hata hali ya kiuchumi ikizingatiwa. Huo ni uhusiano, na haututhibitishii chanzo, kwani wasomaji hodari huchagua vitabu virefu. Hata hivyo ujumbe mfupi na maelezo ya picha hurudia maneno yaleyale machache, na sentensi zake hazimdai chochote. Usimnyang'anye simu. Mwombe humohumo aweke kitabu kimoja anachokipenda, na akipe dakika 30 kwa siku, arifa zikiwa zimezimwa.

Swali: Nawezaje kupima ukuaji wa mwanangu bila kutegemea alama za programu? (Mzazi)

Jibu: Tafuta matini asiyowahi kuiona, ya kiwango chake, yenye maneno kama 150, nawe uwe na nakala yako. Asome kwa sauti kwa dakika moja. Piga mstari kwenye neno alilokosea au kuruka. Akijisahihisha mwenyewe, hesabu ni sahihi. Akikwama sekunde 3, mwambie neno na ulihesabu kosa. Dakika ikiisha weka alama, toa makosa kwenye jumla ya maneno aliyoyafikia. Kisha amalizie kusoma bila saa, umuulize maswali matano, mawili yakiwa ya "kwa nini".

Usilinganishe namba yake na majedwali ya Kiingereza. Neno kama "hawatatusomea" lina silabi saba na bado linahesabiwa moja, kwa hiyo msomaji mzuri wa Kiswahili huwa na maneno machache kwa dakika. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Matini moja ikiwa nyepesi kidogo, namba hupanda hata bila maendeleo. Kwa sababu hiyo tumia matini tatu kila mara na uchukue namba ya katikati. Mara moja kwa mwezi inatosha. Kasi ikipanda huku majibu ya "kwa nini" yakishuka, mwombe apunguze mbio, umsomee mwenyewe aya ya kwanza kwa mwendo unaoutaka.