Lushoto kwa baiskeli: tupande lini, tulale wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Tuko marafiki wanne, tunataka kwenda Lushoto kwa baiskeli na mahema yetu. Siku ya kwanza tutatoka Tanga na kulala Korogwe. Mwenzetu mmoja anataka kesho yake tutoke Korogwe na kumaliza Lushoto jioni ileile. Mimi nasita, maana mmoja wetu hajazoea milima. Tuamulie.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Laleni Mombo.

Mwenzenu hesabu yake ni sawa: Korogwe hadi Mombo ni kilomita 40 na ushee, Mombo hadi Lushoto 33 hivi. Ila kilomita hizo si za aina moja. Hadi Mombo mnakwenda na barabara kuu ya Arusha, mkonge huku na huku, milima ya Usambara imesimama mkono wa kulia. Mombo mnakata kulia, na kutoka hapo ni kupanda karibu mita 1,000 mpaka Lushoto. Hata mkitoka Korogwe alfajiri, mtauanza mlima jua likishakuwa kali, na huyo asiyezoea, mwenye hema na sufuria kwenye keria, atausukuma mkokoteni wake badala ya kuendesha baiskeli. Vijana wenye nguvu wanaweza kufika. Lakini mnasafiri wanne, na siku mnayoipanga ni ya wote wanne.

Basi fikeni Mombo asubuhi, mle wali maharage, mlale kivulini. Alasiri pindueni baiskeli mzikague breki moja moja, maana mtakaporudi mtashuka njia hiyohiyo. Kesho yake saa kumi na mbili muwe mmeshaanza kupanda.

Hapo sikilizeni hili, maana ndilo linalovunja urafiki njiani: asiyezoea atangulie. Wepesi wakiwa mbele, humsubiri kwenye kona. Yeye akifika anahema, wao wameshapumzika, wanapanda baiskeli wanaondoka. Matokeo yake mchovu kuliko wote ndiye asiyepumzika siku nzima, na wenzake wanadhani wamemsubiri vya kutosha. Akiwa mbele, mwendo ni wake na mapumziko ni yenu nyote.

Mkifika Soni, mji mdogo ulio njiani kabla ya Lushoto, msiupite haraka. Kuna maporomoko, kuna chai, na msimu ukiwa mzuri kuna plamu na peasi za kujaza mfuko.

Barabara ile ni nyembamba na ina kona nyingi. Msiende wawili sambamba. Mkisikia honi mbele ya kona, tokeni pembeni mpaka basi lipite. Wakati wa kushuka, breki banieni na kuachia, banieni na kuachia. Ukiishikilia mfululizo rimu hupata moto, na mpira wa ndani unaweza kupasuka ukiwa kwenye mteremko.

Bebeni pampu, viraka, gundi yake, mpira wa ndani wa akiba na spoki mbili tatu. Mzigo mzito uning'inie chini, pande zote mbili za keria, msiurundike juu. Na masweta! Mtu wa Tanga mjini haamini baridi ya Lushoto ya mwezi wa saba mpaka alale nayo hemani. Masika ya Machi hadi Mei iacheni ipite.

SWALI: Dada, habari. Sisi ni wasichana watatu, tunaendesha vizuri, lakini baba anakataa tusilale porini. Tumwambieje?
Msomaji, Muheza

JIBU: Njema, mdogo wangu. Hapo niko upande wa baba: porini msilale. Laleni kwa watu.

Saa kumi jioni muwe mmeshaingia kijijini, hata kama miguu bado ina nguvu. Ulizeni ofisi ya mtendaji wa kijiji, au nyumbani kwa mwenyekiti. Toeni vitambulisho, semeni mmetoka wapi, mnakwenda wapi, mtaondoka saa ngapi. Kisha ombeni pa kusimika hema: uwanja wa shule, ua wa kanisa au msikiti, zahanati, au kwa mama mwenye nafasi uani. Mimi hupenda zaidi kwa mama, maana maji na choo viko karibu, na watoto watawasaidia kushika kamba.

Mwanga ndio unaofanya yote haya yawezekane. Ukifika mchana unaonekana ni mgeni. Ukifika gizani na tochi, watu wanatoka kuuliza ni nani huyo, nao wana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo mpelekeeni baba orodha ya vijiji mtakavyolala, siku kwa siku. Na kila jioni, hema likishasimama, mpigieni simu mkiwa na mwenyeji wenu, azungumze naye mwenyewe.