Chakula cha kushibisha unapopunguza uzito

Ndugu yangu, umeuliza ule nini ili upunguze uzito bila kushinda na njaa. Tazama kwanza protini, nyuzinyuzi na maji yaliyomo katika chakula, kwa kuwa mayai, samaki, maharage na mboga hushibisha kwa muda mrefu, ilhali gramu 1 ya mafuta hubeba kilokalori 9 na ya protini 4 tu. Viazi vya kuchemsha, ambavyo wengi huviepuka bila sababu ya msingi, viliongoza vyakula 38 vilivyopimwa katika Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 1995, vikishibisha zaidi ya mara 3 ya mkate mweupe wenye kalori zilezile. Nakusihi tu usivikaange. Tunda nalo ulile zima badala ya kunywa juisi yake.